Kipimo cha Ganzi na Presha ya Mama

Mama anayejifungua kwa upasuaji katika Hospitali ya Machakos Level 5, sawa na wengi wanaopasuliwa katika hospitali nyingine za rufaa za kaunti nchini Kenya, kwa kawaida huwa macho tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa njia inayopendelewa ya kumkinga na maumivu si kumlaza kwa nusukaputi, yaani usingizi wa dawa, bali ni kumdunga sindano ya ganzi mgongoni. Dawa yenyewe ni ndogo mno: mililita mbili hivi, au mbili na nusu, kiasi kisichozidi nusu ya kijiko cha chai, kinachoingizwa katika maji yanayouzunguka uti wa mgongo. Kiasi hicho kinatosha kuufanya mwili usisikie kisu kuanzia kifuani hadi nyayoni, na kinatosha pia, ndani ya dakika chache, kuishusha presha ya mwanamke mwenye afya njema kutoka 120 hadi 80 au chini ya hapo. Kwa muda mrefu wataalamu wa ganzi wamejiuliza kama ipo dozi inayotosha kwa kisu lakini isiyoiangusha presha. Swali hilo ni zuri, ila jibu lake linategemea mno mahali linapoulizwa, na katika mazingira kama ya Machakos dozi si mahali pa kwanza pa kutafutia usalama.

Wazo la kuingiza dawa mgongoni lina zaidi ya karne moja. August Bier, daktari wa upasuaji wa Kiel nchini Ujerumani, alilijaribu mwaka 1898 kwa kutumia kokeini, na yeye na msaidizi wake waliojitolea kudungwa waliishia kuumwa kichwa vibaya sana, kwa sababu maji ya uti wa mgongo yalivuja kupitia tundu la sindano. Afrika Mashariki nayo ilikwisha kutafuta njia yake kabla ya hapo: mwaka 1879 Robert Felkin, msafiri aliyekuwa akisomea udaktari Edinburgh, alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, mwanamke akipasuliwa ili ajifungue huku akiwa amenyweshwa pombe ya ndizi, na Felkin alipoondoka siku 11 baadaye mama na mtoto walikuwa hai. Kokeini haikudumu katika kazi ya mgongoni, kwa kuwa ilikuwa na sumu nyingi, na dawa zilizoirithi zilibadilika mara kadhaa mpaka ikafika bupivakeini, iliyoundwa Uswidi mwaka 1957, ambayo ganzi yake hudumu kwa saa mbili hivi na ndiyo inayotumika leo takriban kila mahali.

Ili kuelewa kwa nini presha huanguka, inafaa kujua kwamba uti wa mgongo hautoi neva za kuhisi na za kuamrisha misuli peke yake. Kutoka katika sehemu yake ya kifua na ya juu ya kiuno hutoka pia neva za simpathetiki, ambazo hazingoji nia ya mtu, na ambazo mchana na usiku huiamuru mishipa midogo ya damu ijibane kiasi ili damu isitulie miguuni na tumboni. Presha ni zao la mambo mawili, yaani kiasi cha damu ambacho moyo husukuma kwa dakika na ukinzani ambao damu hiyo hukutana nao katika mishipa midogo, kwa hiyo neva hizo zikizimwa mishipa hulegea, ukinzani hupungua, na presha hufuata. Vipimo vya Robert Dyer na wenzake wa Cape Town, waliofuatilia kazi ya moyo pigo kwa pigo wakati wa upasuaji wa namna hii, vilionyesha kwamba moyo wa mama kwa kawaida haulegei mwanzoni, bali hujitahidi kusukuma damu zaidi ili kufidia ukinzani uliopotea, na juhudi hiyo huwa haitoshi.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa suala zima. Ngozi inayokatwa ipo chini ya kitovu, lakini utando unaofunika matumbo na mji wa mimba hupeleka habari zake kwa neva zinazoingia mgongoni juu zaidi, na ndiyo maana ganzi isipofika usawa wa chuchu za matiti, unaotawaliwa na neva ya nne ya kifua, mama atahisi kuvutwa na kuumia pindi daktari anapogusa mji wa mimba. Ganzi iliyofika usawa huo imekwisha kuzizima karibu neva zote za simpathetiki njiani. Kuanguka kwa presha, kwa hiyo, si dalili ya sindano iliyodungwa vibaya, bali mara nyingi ni dalili kwamba sindano imefanya kazi yake barabara. Isipochukuliwa hatua yoyote ya kinga, zaidi ya nusu ya akina mama hupatwa na hali hiyo, na tafiti nyingine zimeihesabu kuwa saba au nane kati ya kila kumi.

Tofauti za hesabu hizo hazitokani na wanawake peke yao. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walipitia machapisho 63 kuhusu jambo hili wakakuta ndani yake maana 15 tofauti za presha iliyoshuka, na walipozitumia maana hizo kwa kundi lile lile la akina mama, idadi ya walioshukwa ilitoka asilimia 7 na kufika 74. Msomaji anayeambiwa kwamba dozi fulani hupunguza kushuka kwa presha ana haki ya kuuliza kwanza: kushuka kwa kiasi gani? Mwafaka wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018, ambao Dyer alikuwa mmoja wa waandishi wake, ulijaribu kulimaliza jambo hilo kwa kupendekeza kwamba presha ya juu, yaani tarakimu ya kwanza kati ya mbili zinazosomwa, ilindwe isishuke chini ya asilimia 90 ya ile ambayo mama alikuwa nayo kabla ya sindano, na isiachwe hata kidogo kufika chini ya asilimia 80. Mama aliyeanza na 120, basi, anapaswa kushughulikiwa anapokaribia 108, wala asingojewe mpaka asome 90.

Haraka hiyo ina sababu mbili, mama na mtoto. Mimba inapokomaa, mji wa mimba hupokea takriban mililita 700 za damu kwa dakika, sawa na sehemu moja ya kumi ya damu yote inayosukumwa na moyo, na mishipa yake, tofauti na ile ya ubongo, haina uwezo wa kujirekebisha presha inapobadilika. Presha ya mama ikishuka kwa theluthi moja, damu inayofika kwenye kondo la nyuma hushuka pamoja nayo, na mtoto ambaye tayari alikuwa amechoka kwa uchungu wa muda mrefu huanza kulimbikiza asidi katika damu. Mama naye hueleza hali yake kabla ya mashine: huhisi kichefuchefu, hupiga miayo, husema anasikia kizunguzungu au giza machoni, kwa kuwa shina la ubongo limeanza kukosa damu. Mtaalamu mzuri wa ganzi huyachukua maneno hayo kama kipimo kamili na kuyatibu hapo hapo, wala hangoji mkanda wa mkononi umalize kujaa na kutoa jibu.

Dawa inayotumika zaidi ni bupivakeini nzito, yenye miligramu 5 katika kila mililita na iliyochanganywa na glukosi ya asilimia 8, na huja katika ampuli ya mililita 4 yenye miligramu 20, kiasi ambacho ni karibu maradufu ya kile anachohitaji mama mmoja. Huitwa nzito kwa sababu glukosi huifanya iwe nzito kuliko maji ya uti wa mgongo, hivyo huzama kuelekea upande ulio chini. Mama akidungwa akiwa ameketi kisha akaachwa aketi dakika nyingi, dawa hutulia makalioni. Akilazwa mapema, huteleza kufuata mkunjo wa mgongo kuelekea kifuani, na mto unaowekwa chini ya kichwa na mabega huizuia isipande shingoni. Namna mama anavyokaa, kwa hiyo, ni sehemu ya dozi, ingawa haiandikwi kwenye karatasi. Mimba nayo huongeza nguvu ya dawa, kwa sababu vena zilizovimba ndani ya mfereji wa uti wa mgongo huyasonga maji yaliyomo, na pia kwa sababu neva za mjamzito huitikia dawa za ganzi kwa wepesi zaidi. Mjamzito huhitaji takriban robo pungufu ya kile anachohitaji mwanamke asiye na mimba.

Kuhusu kiasi chenyewe, tafiti zinakubaliana kuliko mabishano yanavyoashiria. Huko Stanford, Marekani, mwaka 2004, Ginosar na wenzake waligundua kwamba miligramu 7.6 za bupivakeini nzito, zikichanganywa na fentanili na mofini kidogo, ziliwatosheleza nusu tu ya akina mama, na kwamba ili kuwatosheleza 95 kati ya 100 zilihitajika miligramu 11.2. Watafiti wa Italia walikuwa wamependekeza mwaka 2001 kwamba dozi ifuate kimo, miligramu 0.06 kwa kila sentimita, kanuni inayompa mwanamke wa sentimita 150 miligramu 9 na yule wa sentimita 170 miligramu 10.2. Kati ya nambari hizi kuna nafasi ya hukumu ya mtaalamu, lakini nafasi hiyo si pana: wengi hufanya kazi kati ya miligramu 9 na 12.5, na fentanili ya mikrogramu 10 hadi 25 ikiwepo kwenye kabati huruhusu kushuka kidogo bila kumwachia mama maumivu.

Wapo waliotaka kushuka zaidi, hadi miligramu 8, 7, au hata 5, kwa hoja kwamba ganzi ndogo huziachia baadhi ya neva za simpathetiki zifanye kazi. Hoja hiyo si ya uongo. Uchambuzi wa Arzola na Wieczorek, uliochapishwa mwaka 2011 na kujumlisha tafiti kadhaa, ulithibitisha kwamba dozi za miligramu 8 au pungufu hupunguza kushuka kwa presha, lakini kwa takriban moja ya tano tu, ilhali akina mama waliohitaji dawa ya ziada ya maumivu katikati ya upasuaji waliongezeka zaidi ya mara tatu. Waandishi wenyewe walishauri kwamba dozi ndogo itumike pale ambapo kuna katheta ya epidurali, yaani mrija mwembamba unaoachwa mgongoni ili ganzi iongezwe inapopungua. Ni sharti ambalo wanaoipigia debe dozi ndogo hulisahau upesi, na katika hospitali ambako mrija huo hautumiki kwa kawaida katika upasuaji wa kujifungua, kulisahau ni kubadilisha tatizo linalotibika kwa tatizo lisilotibika kwa urahisi.

Umuhimu wa tofauti hiyo huonekana mtu anapoitazama kaunti yenyewe. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Kenya na Uholanzi walifuatilia kwa miaka kadhaa afya ya akina mama na watoto katika vijiji vya kaskazini mwa wilaya ya Machakos ya wakati huo, kazi iliyohaririwa na van Ginneken na Muller na kuchapishwa kama kitabu mwaka 1984, na wakati ule akina mama wengi wa vijiji hivyo walikuwa wakijifungulia nyumbani. Tangu Juni 2013, serikali ilipoondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, na tangu ugatuzi ulipoikabidhi kaunti huduma za afya mwaka huo huo, mkondo umegeuka kuelekea hospitalini. Upasuaji haufanyiki mjini Machakos peke yake: Kangundo, Kathiani, Matuu na Mwala zina hospitali za Level 4, na mama anayeshindwa kujifungua Yatta au Masinga husafiri njia ndefu kabla ya kufika kwenye meza ya upasuaji. Mama wa namna hiyo hufika akiwa amekaukiwa maji mwilini na amechoka, pengine akivuja damu, na huyu hafanani na wale waliopimiwa dozi Stanford, ambao walikuja kwa miadi, wakiwa wamepumzika.

Anayempokea mara nyingi si daktari bingwa wa nusukaputi. Kenya imejenga kazi hii juu ya maafisa wa kliniki waliosomea taaluma ya ganzi, wengi wao wakipitia Chuo cha Mafunzo ya Udaktari Kenya, KMTC, na juu ya wauguzi wa nusukaputi waliofunzwa katika vituo kama Hospitali ya AIC Kijabe, na bila wao thieta nyingi nje ya miji mikubwa zingefungwa. Mtaalamu huyo anapokuwa peke yake zamu ya usiku, na ganzi aliyoipima kwa uchache ikashindwa tumbo likiwa limekwisha kufunguliwa, hubakiwa na njia mbili, kumwongezea mama ketamini au kumlaza kabisa kwa nusukaputi na kumwingiza mrija kooni. Koo la mjamzito huvimba, pumzi yake huisha upesi, na tumbo lake hukaa na chakula muda mrefu, kwa hiyo kumlaza kwa dharura ni jambo la hatari hata mahali penye kila kifaa. Uchambuzi wa Sobhy na wenzake wa mwaka 2016, uliozihusu nchi za kipato cha chini na cha kati, ulikuta kwamba nusukaputi kamili ilihusiana na uwezekano wa kifo mara tatu zaidi ya ganzi ya mgongoni. Sehemu ya tofauti hiyo bila shaka inatokana na kwamba walio mahututi zaidi ndio hulazwa, lakini hata ikipunguzwa kwa sababu hiyo inabaki kuwa onyo kwa yeyote anayetaka kuokoa tarakimu chache za presha kwa kuibana ganzi.

Takwimu za bara zinaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti uliokusanya habari za akina mama wapatao 3,700 waliojifungua kwa upasuaji katika nchi 22 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba mmoja kati ya kila 200 hivi alifariki, kiwango kilichokadiriwa kuwa mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Damu ndiyo iliyokuwa muuaji mkuu, si ganzi. Lakini ripoti za Afrika Kusini kuhusu vifo vya uzazi, ambazo zimechunguza kisa kimoja baada ya kingine kwa zaidi ya miaka 20, zimerudia kueleza kwamba katika vifo vinavyotokana na ganzi, presha iliyoanguka baada ya sindano ya mgongoni na ganzi iliyopanda juu mno ndivyo vinavyojitokeza hasa, na hujitokeza katika hospitali za wilaya, mikononi mwa wahudumu wasio na uzoefu wa kutosha wala usaidizi wa karibu.

Kama dozi haipaswi kubanwa kupita kiasi, basi presha ishikwe kwa njia gani? Jibu la zamani lilikuwa dripu. Mama aliwekewa lita moja au zaidi ya maji ya chumvi kabla ya sindano, na desturi hiyo ilishika mizizi kiasi kwamba upasuaji wa dharura uliwahi kucheleweshwa ili dripu iishe. Mwaka 1993 Rout na wenzake wa Durban waliijaribu desturi hiyo kwa haki: kati ya waliopewa mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, asilimia 55 walishukwa na presha, na kati ya wasiopewa kitu, asilimia 71. Faida ipo, ila si ile iliyodhaniwa, na kwa waliozoea kuamini kwamba dripu hutibu kila kitu matokeo hayo yalikuwa machungu. Maji mepesi hayakai mishipani, hupenya upesi kwenda katika tishu, na ndiyo sababu siku hizi yanashauriwa yamiminwe kwa kasi wakati ule ule dawa inapoanza kushika, wala si nusu saa kabla. Mama aliyetapika safari nzima kutoka Masinga ni jambo jingine. Huyo ana deni la maji na lazima alipwe kwanza.

Hatua ya pili haigharimu chochote. Mama akilala chali, mji wa mimba huilalia vena kubwa inayorudisha damu moyoni, na kabla ya ganzi mwili hulifidia jambo hilo kwa kuibana mishipa, uwezo ambao ganzi huuondoa. Ndiyo maana huinamishwa upande wa kushoto kwa nyuzi 15 hivi, kwa kugeuza meza au kwa kuweka kabari ya kitambaa chini ya nyonga ya kulia, mpaka mtoto atoke. Picha za sumaku zilizopigwa Japani na kuchapishwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba nyuzi 15 hazitoshi kuifungua vena hiyo na kwamba huanza kufunguka kwenye nyuzi 30, mwinamo ambao hakuna daktari wa upasuaji angekubali kufanyia kazi. Mwinamo mdogo umeendelea kushauriwa, ingawa haupaswi kumpa mtu utulivu wa uongo.

Kinachoishika presha kwa hakika ni dawa za kubana mishipa, na hapa ndipo tofauti ya mahali na mahali ilipo kubwa. Efedrini, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya kazi hii hasa, imezoeleka kwa miongo mingi: ampuli ya miligramu 30 huchanganywa hadi mililita 10, na mama hupewa miligramu 6 au 9 kwa mara moja. Huubana mshipa na kuukimbiza moyo, lakini huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ikaharakisha kazi ya mwili wake na kumwongezea asidi. Fenilefrini haina tabia hiyo kwa kiasi kikubwa, na kazi za Ngan Kee na wenzake wa Hong Kong zilifanya ipendekezwe kama chaguo la kwanza, ikitiririshwa kuanzia mikrogramu 25 hadi 50 kwa dakika mara tu sindano inapotoka mgongoni. Hasara yake ni kwamba hupunguza mapigo ya moyo, na mama ambaye mapigo yake yamekwisha kushuka chini ya 60 hufaa kupewa efedrini au atropini badala yake.

Mwafaka wa 2018 uliandikwa ukiifikiria pampu ya kutiririsha dawa kando ya kila mama, lakini kifaa hicho hakipo katika kila thieta. Waandishi wake walilitambua hilo, na kwa bahati njema sindano ndogo ndogo za fenilefrini, mikrogramu 50 hadi 100 kila zinapohitajika, hufanya kazi karibu sawa na pampu iwapo presha inapimwa kila dakika. Hatari iko katika kuchanganya. Ampuli ya kawaida ya fenilefrini ina miligramu 10 katika mililita moja, na ni lazima iingizwe katika chupa ya maji ya chumvi ya mililita 100 ili kila mililita iwe na mikrogramu 100; anayeisahau hatua hiyo na kuidunga ampuli kama ilivyo anampa mama dozi mara 100, na presha inayopanda ghafla namna hiyo inaweza kupasua mshipa wa ubongo. Pale ambapo fenilefrini haipo na efedrini imeisha, adrenalini iliyopunguzwa makali hadi mikrogramu 10 kwa mililita imewahi kuokoa watu, kwa masharti yale yale ya uangalifu. Dawa yoyote itakayochaguliwa, iwe imeshavutwa kwenye sirinji na kubandikwa jina kabla mama hajageuzwa mgongo, kwa sababu dakika tatu za kutafuta ampuli gizani ndizo dakika ambazo presha huanguka kwa kasi zaidi.

Ampuli zenyewe zimeleta msiba wa aina nyingine. Asidi traneksamiki, dawa inayozuia kuvuja damu na ambayo matumizi yake kwa akina mama yameenea tangu utafiti mkubwa wa mwaka 2017, katika baadhi ya nchi huja katika ampuli inayofanana na ya bupivakeini nzito, na imetokea mara kadhaa ikadungwa mgongoni kwa makosa. Matokeo yake ni degedege kali, na karibu nusu ya waliopatwa na kosa hilo katika visa vilivyoripotiwa walifariki. Mnamo Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa nchi zote kuhusu kosa hili. Kabati lenye rafu mbili zilizotenganishwa ni kinga bora kuliko mabishano yote ya miligramu 9 au 10.

Si kila mama hushukwa kwa kiwango kimoja. Mwenye mapigo ya moyo yaliyozidi 90 kabla ya sindano yumo katika hatari zaidi, kwa kuwa huenda mwili wake tayari unajibana ili kufidia maji au damu iliyopotea. Mwenye prieklampsia, yaani ugonjwa wa presha ya mimba unaoweza kuishia katika kifafa, aliwahi kuogopwa kuliko wote, ikidhaniwa kwamba presha yake ya juu ingeporomoka vibaya. Imethibitika kinyume chake, kwamba hushukwa mara chache na kwa kiasi kidogo kuliko mama mwenye afya, kwa kuwa mishipa yake hubanwa na kemikali za ugonjwa ambazo ganzi haizigusi. Apewe ganzi ya mgongoni bila woga iwapo damu yake inaganda vizuri, lakini apewe dawa za kubana mishipa kwa mkono mwepesi. Anayevuja damu nyingi ndiye asiyefaa kabisa kudungwa mgongoni, kwa kuwa neva za simpathetiki ndizo zinazomweka hai.

Mtoto akishatoka, presha huwa na mtihani wa mwisho. Oksitosini, inayoufanya mji wa mimba ukaze ili usivuje damu, hulegeza mishipa kwingineko, na ikisukumwa kwa kasi huishusha presha na kuukimbiza moyo. Kwa miaka mingi vizio 10 vilidungwa kwa mkupuo mmoja, hadi uchunguzi wa vifo vya uzazi nchini Uingereza wa miaka ya 1997 hadi 1999 ulipotoa onyo. Ushauri wa kimataifa wa mwaka 2019 umeshuka hadi kizio kimoja kwa upasuaji wa kupangwa na vizio vitatu kwa ule unaofanywa uchungu ukiwa umeanza, vikitolewa taratibu na kufuatwa na dripu. Katika zamu yenye haraka, dozi hii huzidishwa mara nyingi kuliko ile ya bupivakeini, na lawama huangukia ganzi.

Lawama hiyo huwa ya hatari zaidi mama anapokuwa ametolewa thieta. Ganzi inapofika kilele, robo saa hivi baada ya sindano, athari yake kwa presha imeshaonekana yote, na kuanzia hapo hurudi nyuma polepole. Presha inayoshuka upya saa moja baadaye, huku mapigo yakipanda, haifai kuandikwa kwenye jedwali kama kazi ya sindano na kutulizwa kwa efedrini nyingine. Inabidi shuka lifunuliwe, mji wa mimba upapaswe kama umekaza, na daktari wa upasuaji aitwe arudi, kwa kuwa damu inaweza kujikusanya tumboni bila kuonekana kwenye pedi, na mama ambaye bado hajisikii chini ya kifua hana maumivu ya kumtahadharisha.